Kwa Nini Bwana Alimwita Yuda Rafiki?



Katika Juma Kuu, tunaposomewa habari za mateso ya Bwana wetu kama alivyoziandika Mtakatifu Mathayo, tunafika mahali ambapo masikio hushtuka. Yuda Iskariote anaingia bustanini Gethsemane pamoja na kundi la watu wenye panga na marungu. Anamkaribia Bwana, anamsalimu kwa heshima, anambusu. Na Bwana anamwita: Rafiki.

Wako wanaodhani kwamba Bwana alikuwa akimdhihaki. Wengine husema alikuwa akimbembeleza abadili nia katika dakika ya mwisho. Na vijana wa darasa la Kipaimara, ambao hawana haya ya kuuliza, huuliza waziwazi: Je, si uongo kumwita rafiki mtu ambaye unajua amekwisha kukuuza? Swali hilo ni jema, wala halifai kunyamazishwa. Tena si swali la watu wa zamani tu. Katika parishi zetu wako watu walioimba pamoja katika kwaya moja miaka mingi, au waliochanga fedha katika chama kimoja, na leo mmoja amemtenda mwenzake ubaya, nao wanapishana mlangoni pa kanisa bila salamu. Watu hao waitane nini? Tuwafundishe kusema nini?

Ili tujibu, yatupasa kwanza kulitazama neno lenyewe. Mathayo aliandika kwa Kigiriki, na neno aliloliandika pale bustanini si lile ambalo Mtakatifu Yohana aliliandika Bwana alipowaambia wanafunzi wake, usiku ule ule, kwamba hawaiti tena watumwa bali rafiki. Neno la Yohana ni filos. Neno la Mathayo ni hetairos. Biblia yetu ya Kiswahili imeyatafsiri yote mawili kwa neno moja, rafiki, na hivyo msikilizaji hawezi kujua kwamba kuna tofauti. Lakini tofauti ipo, nayo ni kubwa.

Tuanze na mshairi Homer, ambaye mashairi yake ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Wayunani yaliyotufikia. Kwake neno filos humaanisha kitu kilicho cha mtu mwenyewe, kinachopendwa kwa kuwa ni chake. Hulitumia hata kwa viungo vya mwili: mkono wake mtu, goti lake, moyo wake. Rafiki aliye filos, basi, ni yule aliyekuwa kama sehemu ya nafsi yako. Lakini hetairos kwake ni mtu wa kundi lako: yule mnayepiga makasia pamoja katika chombo kimoja, mnayepigana naye bega kwa bega, mnayekula naye nyama kwenye moto mmoja. Odysseus aliporudi kutoka vita vya Troia aliondoka na merikebu 12 zilizojaa wenzi wa namna hiyo. Wengi wao hakuwachagua kwa kuwapenda. Walikuwa watu wake wa safari. Naye aliwapoteza wote, wa mwisho wakiangamia kwa sababu walichinja na kula ng'ombe wa jua waliokatazwa kuwagusa. Alifika kwao peke yake.

Hata hivyo maneno hayo mawili hayakugombana. Mtu aweza kuwa hetairos na filos pia. Patroclus alikuwa mwenzi wa Achilles katika jeshi, tena alikuwa mpenzi wa moyo wake kuliko wenzi wote, na alipouawa Achilles alilia kama mtu aliyepoteza uhai wake mwenyewe. Lakini si kila hetairos alikuwa Patroclus. Neno filos lilitaja moyo. Neno hetairos lilitaja mambo yaliyoshirikiwa, yaani chombo, meza, kazi na hatari.

Lugha yetu ina neno linalokaa karibu sana na hetairos, nalo ni mwenzi. Mwenzetu si lazima awe mtu tuliyempenda. Aliyeketi nasi benchi moja shuleni ni mwenzetu. Anayelima shamba linalopakana na letu ni mwenzetu. Abiria aliyekwama nasi njiani usiku, basi lilipoharibika, ni mwenzetu hata kama hatujui jina lake. Wahenga waliposema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji, hawakuuliza kwanza kama mwenzako huyo unampenda. Na kwa yule wa moyoni tunalo neno jingine, mwandani, yaani mtu wa ndani.

Neno rafiki nalo, tulilolipokea kutoka Kiarabu, kwa asili yake lilikuwa neno la safari, maana yake mwenzi wa njiani. Waarabu wana mithali isemayo kwamba mtu atafute mwenzi kabla ya kutafuta njia. Basi waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili hawakukosa walipoweka rafiki mahali pa hetairos. Ila kwetu neno hilo limepanda daraja. Lilianza barabarani, sasa linakaa moyoni. Tukitaka kusikia alivyosikia Yuda, hatuna budi kulirudisha barabarani kidogo.

Sasa tuulize: mwenzi ana haki gani juu yetu? Aristotle, mwalimu mkuu wa Wayunani aliyefariki mwaka 322 KK, aliandika sana juu ya urafiki katika kitabu chake cha maadili. Alisema kwamba kila mahali watu wanaposhirikiana, pana aina ya urafiki na pana aina ya haki, na kadiri ushirika unavyozidi ndivyo haki inavyozidi. Kwa sababu hiyo, asema, ni jambo baya zaidi kumdhulumu mwenzi fedha zake kuliko kumdhulumu raia mwingine tu. Tunaona hekima katika neno hilo. Mwizi wa sokoni huchukua fedha. Mweka hazina wa chama akila michango ya wenzake, huchukua fedha na kitu kingine zaidi, kwa maana wale hawakufunga mlango kwa ajili yake. Walimwachia ufunguo.

Aristotle huyo ndiye aliyemfundisha Alexander wa Makedonia alipokuwa kijana. Na katika ufalme wa Makedonia neno hetairoi lilikuwa cheo: wapanda farasi bora wa mfalme waliitwa Wenzi, na askari wa miguu nao wakapewa jina la Wenzi wa Miguu, ili nao wajione kuwa karibu na mfalme. Mmoja wa Wenzi hao aliitwa Cleitus. Mwaka 334 KK, katika vita kwenye mto Granicus, adui alikuwa ameinua upanga nyuma ya Alexander ampige, na Cleitus akamkata mkono. Miaka sita baadaye, mwaka 328 KK, huko Samarkand, wakiwa karamuni na mvinyo umewapanda kichwani, Cleitus alimwambia mfalme maneno ya ukweli yaliyomchoma, naye mfalme akanyakua mkuki akamwua pale pale mezani. Kisha akajilaza kitandani akilia, akakataa chakula siku tatu. Cheo cha Mwenzi hakikumwokoa Cleitus. Mfalme alitaka wenzi wa kushinda nao vita. Mwenzi wa kumwambia ukweli hakuweza kumvumilia.

Huko Athens neno hili liliingia katika siasa, na humo likapata doa. Palikuwa na vyama vya siri vya wenzi, watu wa tabaka moja, waliokula pamoja na kusaidiana katika kesi mahakamani na katika kutafuta vyeo. Mwaka 411 KK vyama hivyo vilisaidia kuipindua serikali ya watu na kuliweka mahali pake baraza la watu 400. Mwanahistoria Thucydides, akisimulia vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyotokea katika kisiwa cha Corcyra mwaka 427 KK, ameonyesha jinsi ubaya huu unavyokua. Asema kwamba watu walifika mahali pa kumthamini mtu wa chama kuliko ndugu wa damu, kwa sababu mtu wa chama alikuwa tayari kufanya lolote bila kuuliza. Na kilichowafunga pamoja hakikuwa sheria ya Mungu, bali uovu walioufanya pamoja. Hata neno la kike la jina hilo lilishuka, likawa jina la mwanamke aliyealikwa karamuni na wanaume kwa malipo.

Basi wenzi ni kitu chema, lakini hakitoshi chenyewe. Wenzi wasio na haki kati yao hugeuka kuwa genge. Nalo genge huweza kuingia hata kanisani, pale watu wa kabila moja, au wa ukoo mmoja, au wa kundi lililomtaka mchungaji fulani, wanaposhikamana kulindana badala ya kuambiana kweli. Kwa nje huonekana ni upendo mwingi. Ukichunguza, utaona ni woga.

Wayahudi walipotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki kabla ya kuja kwa Kristo, walilitumia neno hetairos kwa Hushai, yule mwenzi wa Daudi aliyemlaki mfalme akiwa na vazi lililoraruka, siku Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu. Katika habari hiyo hiyo yumo Ahithofeli, mshauri wa Daudi, aliyemgeuka mfalme wake na kisha, shauri lake lilipokataliwa, akaenda nyumbani kwake akajinyonga. Wote wawili walikuwa watu wa nyumba ya mfalme. Siku ya taabu ndiyo iliyowatenganisha. Na Yoshua bin Sira, ambaye kitabu chake Kanisa letu hukisoma kwa mafundisho ya mwenendo mwema, aliyaweka maneno yetu mawili pamoja, hetairos na filos, aliposema kwamba mwenzi na rafiki akigeuka kuwa adui, ni huzuni inayokaribia mauti. Hakusema ni hasira. Alisema ni huzuni.

Sasa turudi kwa Mathayo. Katika Agano Jipya yeye peke yake ndiye anayetumia neno hetairos. Mara tatu linatumika kumwita mtu, na mara zote tatu anayeitwa amekosa, tena amemkosa mtu aliyemtendea mema. Wa kwanza ni mfanya kazi wa shamba la mizabibu, aliyelipwa dinari yake kamili kama walivyopatana, naye akanung'unika kwa kuwa mwingine alihurumiwa. Wa pili ni mgeni aliyekaribishwa arusini kwa mfalme, naye akaingia bila vazi la arusi. Wa tatu ni Yuda. Yule wa kwanza amepokea ujira, wa pili amepokea mwaliko, na wa tatu amepokea mkate. Kwa maana jioni ile ile alikuwa amechovya mkono wake katika bakuli moja na Bwana.

Tunaona basi kwamba neno hili kinywani mwa Bwana si neno laini la kubembeleza. Mfanya kazi anaambiwa achukue chake aende zake. Mgeni wa arusi anatolewa nje gizani. Anayeitwa hetairos anahukumiwa. Lakini anahukumiwa kama mtu wa nyumbani, si kama mgeni wala mnyama. Ni kana kwamba anaambiwa: Wewe uliyekula nasi, tazama unalolifanya.

Na kuna jambo jingine pale bustanini ambalo Kiswahili chetu hakiwezi kulionyesha. Neno la Kigiriki la kubusu linatoka katika shina lile lile la filos. Yuda alikuja na ishara ya filos, ishara ya mtu wa moyoni, akaifanya kuwa alama ya kumwonyesha askari mtu wa kukamatwa. Bwana hakumrudishia neno hilo. Hakumwita filos, kwa kuwa saa ile halikuwa kweli, na Bwana hasemi uongo hata kwa ajili ya upole. Wala hakumwita adui, msaliti au mwana wa Ibilisi, ingawa nani angemlaumu? Alimwita mwenzi. Hilo lilikuwa kweli. Miaka waliyotembea pamoja ilikuwa kweli. Mkate waliokula ulikuwa kweli. Usaliti wa Yuda uliweza kumfikisha Bwana msalabani, lakini haukuweza kuufanya ushirika ule usiwe umekuwako.

Hilo ndilo jibu letu kwa vijana wa Kipaimara. Bwana hakusema uongo, wala hakudhihaki. Alichagua jina lililokuwa kweli bado.

Tazameni sasa yaliyofuata asubuhi. Yuda alijuta. Aliwarudia wakuu wa makuhani na wazee na vile vipande 30 vya fedha, akakiri kwamba ametenda dhambi, amemsaliti mtu asiye na hatia. Hao ndio waliokuwa wenzi wake wapya. Alikuwa amewafanyia kazi yao, wakamlipa. Nao walimjibu kwamba jambo hilo haliwahusu, ni shauri lake mwenyewe. Akazitupa fedha hekaluni, akaenda akajinyonga. Aliyesalitiwa alimwita mwenzi, na wale walionufaika na usaliti hawakumjua. Hivyo ndivyo genge linavyolipa siku zote. Kijana aliyeshawishiwa kuiba, akikamatwa, waliomtuma hawaonekani kituoni. Wanaokwenda kumtazama ni mama yake na watu wa kanisa aliowaibia.

Tujifunze nini? Kwanza, tusiwe wepesi kutumia neno rafiki. Si kila tunayecheka naye ni mwandani wetu, na kumwambia siri zetu kila mwenzi ni kumtwika mzigo ambao hakuahidi kuubeba. Mithali yetu inasema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Ni neno kali, na sisi tunaomwamini aliyekufa kwa ajili ya rafiki zake tunajua kwamba si neno la mwisho. Lakini linatuonya tusidhani kwamba kula pamoja tu kumekwisha kufanya kazi yote. Bwana mwenyewe aliwalisha watu maelfu, na akawa na wanafunzi 12, na kati yao akawachukua watatu kwenda naye kuomba.

Pili, tusiwe wepesi kulifuta neno mwenzi. Mtu anapotukosea, jaribu letu ni kusema kwamba tangu mwanzo hakuwa mwenzetu, kwamba hata yale mema yalikuwa hila. Mara nyingi huo ni uongo. Aliyekula fedha za chama ndiye aliyekesha nasi tulipofiwa. Kesha lile lilikuwa kesha. Tukilikana, tunazidisha hasara yetu kwa mikono yetu wenyewe.

Tatu, kumwita mtu mwenzi si kuficha kosa lake. Wako wanaosema, tusiseme, ni mwenzetu. Bwana alisema. Fedha zilizopotea zihesabiwe, zirudishwe, na aliyezichukua asikabidhiwe tena mfuko mpaka uaminifu uonekane. Na mtu anayepigwa au kutishwa nyumbani mwake asiambiwe abaki mezani kwa jina la ushirika. Kumwita mwenzi yule aliyekudhuru hakukulazimishi kukaa mahali ambapo mkono wake unakufikia. Ni neno la kutaja ukweli, wala si kamba ya kumfunga aliyeumizwa.

Lakini baada ya hesabu, na baada ya hukumu ikiwa lazima, bado pana swali la salamu mlangoni pa kanisa. Pana swali la msiba: je, akifiwa yule aliyetudhulumu, tutakwenda? Akiugua, atapelekewa uji? Hatuwezi kumwagiza mtu ahisi urafiki ambao umekufa, na hatudhani kwamba Bwana anatuagiza kuuigiza. Urafiki wa moyoni, ukivunjika, huenda ukapona na huenda usipone hapa duniani. Lakini uwenzi hausubiri moyo upone. Waweza kwenda msibani na moyo wako ukiwa bado mzito, ukaketi mkekani, ukatoa ubani wako kama wengine, ukasema pole, mwenzangu. Hutakuwa umedanganya.

Kila Jumapili tunapiga magoti kwenye reli moja, na hatuulizwi kwanza kama aliye kando yetu ni mwandani wetu. Mikono inatanda, mkate ni mmoja. Kama tunaye mtu katika parishi hii ambaye hatuwezi tena kumwita rafiki, tumtafute juma hili, tumwambie kweli yake bila matusi, na kabla hatujaanza kuisema tumwite mwenzetu.

Bwana, aliyekula na wote waliomkimbia, atusaidie kulisema neno hilo na kulimaanisha.